Mbele ya kununua nyumba, uliza njia

Mafundisho yaliyotolewa katika mkutano wa wanachama, Luena. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maulizo ya mwisho.

 

Kamati iliniomba niseme juu ya kununua nyumba. Pengine munangojea niseme juu ya bei, ao juu ya makaratasi. Nitafika huko. Lakini naanza na kitu ambacho wengi hawaulizi mbele ya kutoa feza, nacho ni njia. Ukitoka mlangoni mwako, unapita wapi mpaka barabarani? Unapita katika lupango ya nani? Na mwenye lupango ile, anajua kama unapita kwa haki, ao anafikiri unapita kwa huruma yake?

Kwa nini kwetu hapa neno hili ni zito

Luena ilikomaa na reli na makala ya mawe. Reli kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka wa 1918, na ilipita hapa. Kwenye makambi ya zamani ya wafanyakazi, nyumba zilijengwa kwa mistari na njia zilijulikana. Lakini kandokando ya makambi, watu walijijengea wenyewe. Moja alipewa bulongo na shefu wa kimila, mwingine alikata nusu ya lupango yake akamuuzia shemeji, na mwingine alijenga tu. Nyumba zikasongana, barabara hazikuongezeka.

Kisha kukaja miaka ya kukimbia. Wazee wanakumbuka 1992 na 1993, wakati ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Reli iliyowapeleka kwao ni hii hii inayopita hapa. Kisha vita vya Mai-Mai, zaidi kati ya 2002 na 2006, upande wa Mitwaba, Manono na Pweto. Watu waliacha nyumba na mashamba, wakaenda pale walipopata usalama. Wengi wenu muko hapa leo kwa sababu ya miaka ile, wengine mumerudi, wengine mumerudi mara mbili.

Sasa, lupango ikikaa miaka kumi bila mwenyewe, inakuwa nini? Inakuwa njia. Kwanza anapita mtoto moja anayekwenda kisimani. Kisha mama mwenye beseni ya unga kichwani. Kisha kinga, kisha pikipiki. Majani yanakufa, kanjia kanaonekana. Mtu anauza nyumba ya nyuma na kumwambia mnunuzi: "Njia njo hii." Mnunuzi anaiona kwa macho yake, anatoa feza. Siku moja mwenye lupango anarudi na karatasi mkononi. Hapo hakuna mwizi, hakuna mwongo. Kuna watu wawili, na kila moja anajiona ana haki.

Ndiyo sababu ninasema neno hili mbele ya chama hiki zaidi ya pengine. Katika magomvi ya njia tunayosindikiza, mara nyingi pande zote mbili ni watu waliorudi.

Huruma na haki si kitu moja

Shikeni neno hili moja, hata mukisahau mengine yote. Kuna kupita kwa huruma, na kuna kupita kwa haki.

Kupita kwa huruma ni pale jirani anasema: "Mama, pita tu, hakuna neno." Ni kitu kizuri, ndivyo tunavyoishi. Lakini huruma ni ya mtu. Jirani akifa, ao akiuza, ao mukigombana juu ya kuku, huruma inaisha. Yule aliyenunua kwake hakukuahidi kitu.

Kupita kwa haki ni kitu kingine. Sheria yetu ya ardhi, ile ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka wa 1980, inaita jambo hili servitidi. Maana yake ni mzigo uliowekwa juu ya lupango moja kwa faida ya lupango nyingine. Sikilizeni vizuri: kwa faida ya lupango, si kwa faida ya mtu. Lupango ya mbele inabeba mzigo, lupango ya nyuma inapata faida. Wenyewe wakibadilika, mzigo unabaki. Haki hii inafuata bulongo kama kivuli kinavyofuata muti.

Sheria inasema mizigo ya namna hii inaweza kutoka pahali patatu. Ya kwanza inatoka kwenye umbo la pahali penyewe. Kwa mfano, maji ya mvua yanayoteremka yenyewe kutoka juu, lupango ya chini inalazimishwa kuyapokea. Huwezi kujenga ukuta uyarudishe kwa jirani wa juu. Ya pili inatoka kwenye sheria. Ya tatu inatoka kwenye mapatano ya watu wenyewe.

Njia iko katika ile ya pili na ile ya tatu. Kama lupango yako imefungwa pande zote, haina hata pahali pa kutokea barabarani, sheria inakupa ruhusa ya kuomba kupita kwa jirani. Lakini si bure. Lazima umlipe fidia inayolingana na hasara unayomletea. Na kama iko njia nyingine, hata ndefu kidogo, basi haujafungwa, na utalazimika kupatana naye kwa maneno mazuri.

Mambo mawili tuliyosindikiza

Nitasema mambo mawili, bila majina.

La kwanza. Mama moja na bwana wake walinunua nyumba ya nyuma. Karatasi ya mauzo ilisema vyumba ni vingapi, manjanja ni mangapi, na muti wa maembe. Juu ya njia haikusema kitu. Walipita kwa jirani wa mbele miaka mingi, kwa amani. Jirani akauza, akaenda kwa watoto wake. Aliyenunua akajenga ukuta wa matofali toka kona mpaka kona. Alisema: "Miye nilinunua lupango, sikununua barabara." Na karatasi yake ilimpa nguvu, kwa sababu nayo haikusema kitu juu ya njia. Mama akaanza kupita kati ya choo cha jirani moja na zizi la mwingine, pahali pa mtu moja kwa upande. Bwana wake alipokufa, sanduku halikuweza kupita pale. Watu walilipandisha juu ya ukuta, wanne huku, wanne kule. Mwenye ukuta mwenyewe alikuja kusaidia kubeba, na machozi machoni. Hakuwa mtu mubaya. Lakini mambo yalikuwa yameandikwa mubaya, ao tuseme hayakuandikwa hata kidogo.

La pili. Baba moja alirudi akakuta kanjia kanakata lupango yake katikati, na jamaa za nyuma zinapita pale kila siku. Yeye alikuwa na karatasi ya kweli. Akapanda miti, akafunga. Asubuhi iliyofuata miti iling'olewa. Ilikuwa karibu watu wapigane na mapanga. Tulikaa nao mara tatu, pamoja na kapita na wazee. Mara ya tatu, mama mzee moja aliuliza: "Kwa nini njia ipite katikati, na ukingoni kuko nafasi?" Hakuna aliyekuwa ameuliza vile. Basi njia ikasogezwa mpaka ukingoni. Jamaa za nyuma hazikuwa na feza ya kulipa fidia, lakini vijana wao wanajua kufyatua matofali. Wakamfyatulia baba matofali ya chumba kimoja. Wakaandika, wakatia sahihi, na wake zao wakatia sahihi. Mpaka leo wanapita.

Munaona, hili la pili halikushinda kwa sababu watu wale ni wazuri kuliko wengine. Lilishinda kwa sababu waliuliza wapi, upana gani, na kwa fidia gani, kisha wakaandika.

Mambo ya kufanya mbele ya kutoa feza

Moja. Tembea njia mwenyewe. Usiende mara moja tu, saa sita ya mchana, na muuzaji pembeni yako. Nenda asubuhi, nenda jioni. Kama unaweza kungoja, nenda wakati wa mvua. Njia kavu ya mwezi wa saba inaweza kuwa mtaro mwezi wa kwanza.

Mbili. Uliza ba jirani, muuzaji asipokuwapo. Uliza hivi: "Njia hii ni ya nani? Nani aliifungua? Kumekuwa na ugomvi?" Jirani anayenyamaza na kutazama chini amekwisha kukujibu.

Tatu. Jua njia ni ya namna gani. Kuna majibu matatu tu. Ao ni barabara ya wote, yaani ya Serikali. Ao iko ndani ya lupango ya mtu moja. Ao ni kanjia ka pamoja, kila jamaa imetoa kipande. Kama ni ya Serikali, uko na amani zaidi. Kama ni ya mtu moja, unahitaji mapatano naye, na si na muuzaji wako peke yake. Kama ni ya pamoja, unahitaji wote, kwa sababu mtu moja akifunga kipande chake, njia yote imekufa.

Ine. Tazama karatasi, na ujue nguvu ya kila karatasi. Kwa sheria yetu, ardhi ni mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuitumia. Haki hii inasimama kabisa pale inapoandikwa kwenye sertifika ya anrejistrema, inayotolewa na konsevateri. Nyuma ya miaka miwili, ni vigumu sana kuipinga. Mapatano ya kukodi ardhi na Serikali hayapiti miaka mitatu. Hayo ni mlango wa kuingilia, si nyumba yenyewe. Karatasi ya kapita ao ya shefu ni ushahidi mzuri, ichungeni, lakini si sertifika. Najua wengi hapa hamna sertifika, na bulongo yenu inatoka kwa shefu wa kimila. Sheria ya 1973 iliahidi amri ya Rais juu ya ardhi za namna hiyo, na miaka makumi ikapita watu wakiingojea. Ndiyo sababu kwenu, mashahidi na maandishi ni lazima mara mbili.

Tano. Jua nani ana haki ya kuuza. Kwa Kodi ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, nyumba ya mume na mke haiuzwi bila mapatano ya wote wawili. Kama mwenye nyumba alikufa, watoto ni warithi wa kwanza. Mapatano ya njia yaliyotiwa sahihi na mjomba peke yake, watoto wakija kukomaa, yatawasumbua.

Sita. Andikeni njia. Musiandike tu "mnunuzi atapita". Andikeni lupango gani inabeba mzigo na lupango gani inapata faida. Andikeni inaanzia wapi na inaishia wapi, mukichora kroki, hata kwa mkono. Andikeni upana. Shauri langu ni mita tatu kama nafasi iko. Na kama haiko, pasipungue pahali ambapo watu wanaobeba machela wanaweza kupita bila kugeuka upande. Andikeni nini kinapita: miguu, kinga, puspusu, pikipiki, bomba ya maji, waya ya umeme. Andikeni nani anafagia na nani anajaza mashimo nyuma ya mvua. Andikeni kama fidia imelipwa, na kwa nini. Andikeni kwamba mapatano yanabaki hata mmoja akiuza. Kisha wote watie sahihi, wake na waume, ba jirani wa kuume na wa kushoto, kapita na mashahidi. Wenye sertifika waende nayo kwenye biro ya ardhi, mzigo uandikwe juu ya sertifika yenyewe, ili atakayenunua kesho auone.

Saba. Musitoe feza yote siku moja. Toa sehemu, ubakishe sehemu mpaka mapatano ya njia yatiwe sahihi. Muuzaji anayekataa kungoja majuma mawili kwa ajili ya njia, anakufundisha kitu.

Neno kwa wanaotusaidia, na kwa kamati

Marafiki wetu mumetusaidia na manjanja, milango na misumari. Tunawashukuru. Lakini naomba kitu: mbele ya kusaidia nyumba yoyote kujengwa ao kununuliwa, kamati itembee njia na iweke karatasi ya njia katika faili. Haiombi feza nyingi. Inaomba nusu siku na wino. Nyumba nzuri isiyo na pa kutokea ni gereza lenye manjanja mapya.

Jambo hili si letu peke yetu. Nchi za Maziwa Makubwa ziliandika mapatano yao mwaka wa 2006 huko Nairobi, na ndani yake kuna itifaki juu ya mali za watu wanaorudi. Inataka njia rahisi na za bei ndogo za kumaliza magomvi, na inakumbuka ba mama na watoto. Burundi, watu waliokimbia 1972 walirudi na kukuta wengine kwenye mashamba yao, na mara nyingi waliamuliwa kugawana. Kugawana ni kuzuri, lakini ukikata bulongo mbili, uliza kipande cha nyuma kitatokea wapi. Na kusema njia ni nyembamba si sababu ya kugombana. Lamu, kwenye pwani ya Kenya, njia za mji wa zamani ni nyembamba hata mizigo inabebwa na punda, na watu wameishi vile miaka mamia. Nyembamba si tatizo. Isiyojulikana ndiyo tatizo.

Maulizo ya wanachama

Mama moja aliuliza: "Miye nimepita pale miaka makumi mbili. Si imekwisha kuwa haki yangu?"

Jibu: Mama, usiegemee miaka peke yake. Miaka ni ushahidi, na ba jirani wataisema. Kama huna njia nyingine kabisa, unaweza kuomba kupita kwa sheria, hata leo. Lakini sasa hivi jirani yako ni muzima na munasalimiana. Nenda kwake juma hili na karatasi. Ni rahisi kuandika na mtu anayekupenda kuliko na mtoto wake asiyekujua.

Mzee moja aliuliza: "Kama mukubwa wa mtaa alimuuzia mtu kipande cha avenyi, na amekwisha kumwaga fondasyo?"

Jibu: Ardhi inayotumika kwa faida ya wote haitolewi kwa mtu, mpaka Serikali yenyewe iitoe rasmi katika kazi ile. Mukubwa wa mtaa hana nguvu ya kuiuza. Lakini musiende kubomoa usiku. Andikeni barua, wakaaji wote watie sahihi, ipelekwe kwa utawala na kwa biro ya ardhi, na mubakize kopi yenye sahihi ya kupokelewa. Fanyeni wakati ukuta uko magotini, musingoje ufike kichwani. Kama haieleweki, kuna hukumu. Magomvi ya ardhi ya kimila yanaanzia kwenye Tribunali ya Amani. Ya wenye sertifika yanakwenda kwenye Tribunali Kubwa.

Kijana moja aliuliza: "Jirani anasema atafungua njia kama tunamlipa kila mwezi, na kila mwezi anapandisha bei. Tufanye nini?"

Jibu: Fidia inapimwa kwa hasara yake, haipimwi kwa shida yenu. Amepoteza kipande cha bulongo, mihogo pengine, na kimya kidogo. Hayo yahesabiwe mbele ya wazee, yalipwe mara moja ao kwa vipande vinavyojulikana, kisha yaishe. Mukilipa kila mwezi bila mwisho na bila karatasi, hamununui njia, munanunua ruhusa ya mwezi moja.

Nimalizie na kazi. Kamati imefungua daftari ya njia. Kila mwanachama anayenunua, anayeuza, ao anayepita kwa mtu, alete jina la avenyi yake na kroki ndogo kwenye mkutano ujao. Asiyejua kuchora, mtoto wake wa shule atachora. Na wale wawili waliogombana juzi juu ya ile fense, nawaona wote muko hapa: nitakuja kwenu kesho asubuhi, na wazee wawili. Ngojeni mbele ya kuongeza hata tofali moja.